Kipimo Kimesema Huna Malaria, na Homa Haijaondoka

Mwongozo kwa anayeishi, anayerina asali au anayepita Unyamwezi

Umechomwa kidole, tone la damu limewekwa kwenye kile kifaa cha plastiki, mmesubiri robo saa, na mstari uliotokea ni mmoja tu. Tabibu anakuambia huna malaria. Unapewa panadol, pengine na vidonge vya UTI, maana siku hizi kila homa isiyo na jina huitwa UTI au taifodi. Siku ya tatu homa inashuka kwa jasho jingi, unapata nafuu, unarudi shambani kwenye tumbaku yako. Wiki haijaisha, imekurudia na baridi yake yote. Unakwenda tena zahanati, kifaa ni kilekile na jibu ni lilelile.

Ukiwa Tabora, au umepita huko karibuni, usikubali mambo yaishie hapo. Kifaa hakikukosea. Kimeulizwa swali moja tu, la malaria, kikalijibu. Lakini katika nchi hii ya miombo, na kwenye njia yote ya zamani ya misafara kutoka Ugogo kupitia Tabora hadi Ujiji, kuna homa mbili ambazo kifaa hicho hakikutengenezwa kuziona: homa ya papasi na malale. Zote mbili huonekana kwa darubini, katika tone lilelile la damu ambalo zamani lilipakwa kwenye kioo kutafutia malaria. Kipimo cha haraka ni neema, sibishi. Zahanati isiyo na umeme wala maabara sasa inajua nani ana malaria na nani hana. Ila kwa sababu yake darubini nyingi zimebaki zimefunikwa kitambaa mezani, na kitu ambacho hakitafutwi hakipatikani.

Kwanza nitoe angalizo, kwa kuwa mwongozo huu unaweza kusomwa vibaya. Malaria ndiyo ya kwanza kupimwa, kila mara, bila kuruka. Ikionekana, meza dawa mseto mpaka kidonge cha mwisho. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, aliyeshindwa kunyonya au kunywa, au mtu yeyote aliyechanganyikiwa kwa homa, huyo hana nafasi ya kusubiri wiki ya pili. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Na fahamu kwamba hata jibu la "una malaria" linaweza kupotosha: kifaa hicho hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Mtu aliyemaliza dozi mwanzoni mwa mwezi, akaugua tena katikati ya mwezi, anaweza kuonekana bado ana malaria kumbe ana jambo jingine. Huyo naye anahitaji darubini.

Papasi wa kwenye ufa

Mtu aliyekulia kwenye tembe hahitaji kuelezwa papasi ni nani, lakini kijana wa nyumba ya bati huenda hajamwona. Ni kupe laini, rangi ya udongo, asiye na lile gamba gumu la kupe wa ng'ombe, na mkubwa wake hukaribia urefu wa sentimita moja. Haishi mwilini mwa mtu wala mnyama. Makazi yake ni ufa wa ukuta, vumbi la sakafu, kona ya jiko, chini ya mkeka. Usiku taa ikizimwa anatoka, anakunywa damu kwa muda usiozidi nusu saa hivi, anarudi ufani kabla hujashtuka. Kuuma kwake hakuna maumivu ya kumwamsha mtu aliyechoka. Na ana subira ya ajabu: anaweza kukaa miaka bila kula. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa, ile ambayo mnamkaribishia mgeni au mnapanga kuhamia msimu wa kilimo, usidhani imesafishika kwa kukaa tupu.

Njia ya misafara ilimfaa sana. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea na pembe za ndovu na majora ya vitambaa kati ya Bagamoyo na bara, wakilala kwenye vibanda na tembe zilezile walizolala wenzao juzi. Richard Burton aliyefika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, aliwalalamikia papasi katika maandishi yake. Wakati huo hakuna aliyejua kwa hakika kwamba kero hiyo ya kuta ndiyo iliyobeba homa. Jibu lilikuja mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1905 Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alichunguza papasi wa vibanda vya kupumzikia misafara katika koloni la Kijerumani, akaona kwamba bakteria wa homa hii hupita mpaka kwenye mayai. Maana yake papasi mchanga anaweza kuzaliwa nao tayari, hata kama hajamuuma mgonjwa. Mwaka huohuo John Everett Dutton, daktari Mwingereza, alikuwa akiifuatilia homa hiyo Kongo ya mashariki. Ikampata yeye mwenyewe, akafa mwezi wa Februari huko Kasongo, mji wa wafanyabiashara Waswahili uliokuwa mbele kabisa ya barabara hiihii ya Tabora na Ujiji. Bakteria huyo leo anaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii. Huyu Dutton ndiye pia aliyekipa jina kimelea cha malale cha Afrika Magharibi miaka mitatu kabla, na sijui mtu mwingine aliyefungamana na homa zetu mbili kiasi hicho.

Tuje kwako. Mwenyeji aliyeumwa na papasi tangu utotoni hujenga kinga ya kiasi, akaugua kidogo au asiugue kabisa. Anayeanguka ni mgeni, mtoto mchanga, na mwanamke mjamzito. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; kwa papasi mambo yako kinyume, mwenyeji mzima na mgeni yuko kitandani. Hata mwana wa nyumba aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi, akija likizo anahesabiwa mgeni. Ndiyo maana familia nyingi hazihusishi ugonjwa na nyumba yao: "Sisi tunalala humu siku zote, mbona hatuugui?"

Kuwatafuta si kazi ngumu. Chota vumbi la kona za chumba na la chini ya ukuta, hasa upande wa kichwa cha kitanda, ulichekeche, kisha umwage mabaki juu ya shuka jeupe juani. Usiondoke upesi. Papasi akiguswa hujifanya mfu, na utaona mawe madogo tu. Likimchoma jua ataanza kutembea. Ukimpata usimpasue kwa kucha kama wengine wafanyavyo, kwa kuwa majimaji yake yakiingia kwenye mchubuko yanaambukiza. Mtumbukize kwenye mafuta ya taa au umchome moto.

Ukiwapata, kazi iko kwenye nyumba yenyewe. Ukiwa na fedha ya jambo moja tu, usianze na bati. Anza na sakafu ya chumba cha kulala, iwe saruji isiyo na nyufa, na ikibaki pesa ipande ukutani kiasi cha magoti. Najua bati ndilo linaloonekana na jirani; papasi haishi juani juu ya paa. Asiye na pesa ya saruji ana udongo na mikono: ziba nyufa zote, kandika ukuta upya, na urudie kila baada ya mvua kwa kuwa udongo ukikauka unapasuka tena. Dawa ya kupuliza ya wadudu husaidia ikifika ndani ya nyufa, ila uipulize kwanza, uache ikauke, ndipo uzibe. Ukiziba kwanza umewajengea papasi ngome. Muulize bwana afya wa kata aina na kipimo, usichukue dawa ya pamba au ya tumbaku ukaipulizia mahali wanapolala watoto.

Kitanda kisogee kutoka ukutani. Chandarua chenye dawa, kile ulichopewa kliniki au mtoto alichopewa shuleni, kinamzuia papasi pia, kwa sharti moja: ukingo wake uchomekwe chini ya godoro pande zote nne. Kikining'inia na kugusa sakafu kinakuwa ngazi. Watoto wanaolala mkekani ndio wanaosahaulika. Chomeka chandarua chini ya mkeka, wasibaki kujibanza ukutani bila kitu.

Dalili huanza takriban wiki moja baada ya kuumwa: homa kali ya ghafla, baridi, kichwa, maumivu ya viungo na mgongo. Wengine hutoka damu puani au macho huwa ya manjano. Baada ya siku tatu hivi inakatika kwa jasho, mtu anajiona amepona, na baada ya siku kadhaa, mara nyingi kama wiki, inarudi. Inaweza kurudi hivyo mara nyingi. Mjamzito yuko kwenye hatari kubwa ya mimba kutoka, kuzaa kabla ya wakati au kumpoteza mtoto mchanga, kwa hiyo mama mwenye homa inayokuja na kuondoka asiambiwe kwamba ni mimba tu inamsumbua. Na tusijidanganye kwamba haya ni ya enzi za wapagazi. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliofanya kazi Mvumi, Dodoma, kwenye njia hiyohiyo, waliwakuta papasi katika nyumba nyingi za tembe, na watoto wakiwa na bakteria kwenye damu.

Habari njema ni kwamba inatibika kwa viuavijasumu vya kawaida kama doksisaiklini, na kwa mjamzito na mtoto mdogo mganga huchagua vingine, mathalani erithromaisini au penisilini. Hapa kuna jambo ambalo muuza duka la dawa hatakuambia. Saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wanapokufa kwa wingi, mwili unaweza kulipuka kwa baridi kali, homa kupanda zaidi, presha ikashuka. Mtu asiyejua hukimbia na kusema amepewa sumu. Kwa hiyo dozi ya kwanza imezwe kituoni, ukae hapo uangaliwe, ndipo uende nyumbani na zilizobaki.

Mbung'o wa mchana

Papasi anakusubiri ndani; mbung'o, ambaye ndiye anayeeneza malale, anakusubiri nje. Tabora wengi humwita ndorobo, na anayekwenda msituni anamjua kwa maumivu: anauma mchana, anapenya shati jepesi, na anafuata gari au pikipiki inayotimua vumbi kana kwamba ameitwa.

Wilaya za Sikonge, Urambo na Kaliua, mbuga na misitu ya Mto Ugalla, na upande wa pili hadi Uvinza na Katavi, ndiko makazi yake. Haikuwa hivyo siku zote kwa kiwango hiki. Miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, zikafuata njaa, ndui na vita vya wakoloni. Watu wakapungua, mashamba yakarudi pori, na pori likarudi na mbung'o wake. Mwanahistoria Helge Kjekshus alilieleza hili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1977. Katika miaka ya 1920 na 1930 Waingereza wakawakusanya watu wa magharibi kwa maelfu kwenye makazi yaliyofyekwa, wakiwahamisha kutoka maeneo ya asali na mababu zao. Pori lililoachwa likawa la wanyama, na sehemu ya pori hilo ndiyo leo warina asali, wavuvi wa Ugalla, wapasua mbao na wafugaji wanaingia kwa wiki nzima au mwezi. Hao ndio wanaougua malale, pamoja na mkulima aliyefungua shamba jipya pembezoni mwa msitu.

Malale yetu ni ya aina ya mashariki, iendayo kasi. Kimelea hukaa kwa wanyama pori kama pongo, na kwa ng'ombe pia, hivyo kutibu binadamu peke yake hakuwezi kukimaliza. Mahali mbung'o alipouma panaweza kuvimba na kuwa kidonda baada ya siku chache. Zinafuata homa, kichwa, tezi kuvimba, mwili kuwasha. Baada ya wiki au miezi michache kimelea huingia kwenye ubongo: mtu analala mchana na kukesha usiku, anakuwa mkali au mpole kuliko alivyokuwa, anasahau, anatembea ovyo. Asipotibiwa hufa, mara nyingi ndani ya miezi sita. Katika hatua hii familia nyingi humpeleka kwa mganga wa jadi zikiamini amerogwa huko msituni. Siwacheki, tabia ya mtu ikigeuka ghafla kila jamii hutafuta sababu. Ninachoomba ni mpangilio: darubini iwe ya kwanza, mengine yafuate kama mnaona lazima.

Unapokwenda kambini, acha nyumbani nguo za buluu na nyeusi. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili kwa kuwa ndizo zinazomvuta, na mrina asali mwenye ovaroli ya buluu amejigeuza mtego. Vaa kaki au rangi ya majani makavu, nguo nzito, mikono mirefu. Dawa za kujipaka zinamkera mbu kuliko mbung'o, usizitegemee. Ndani ya gari funga vioo mnapopita porini na muue walioingia kabla hamjafika kijijini. Kambi ipigwe mahali penye uwazi, mbali kidogo na vichaka vya mtoni ambako mbung'o hupumzika kivulini. Mfugaji mwenye josho au bomba la kupulizia aulize dawa ya jamii ya pareto inayoua kupe na mbung'o kwa pamoja; ng'ombe aliyepulizwa anamuua kila mbung'o anayetua kwake, na hiyo ni kinga kwa mchungaji pia.

Tiba zamani ilikuwa mtihani. Kwa ugonjwa uliofika kwenye ubongo ilitumika melasoprol, sindano yenye arseniki ambayo iliua baadhi ya wagonjwa iliokuja kuwaponya, na watu wakaiogopa kuliko mbung'o. Tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza fexinidazole, vidonge vinavyomezwa siku 10, kwa aina yetu ya mashariki, ingawa wagonjwa wengine bado huhitaji sindano na mganga ndiye mwenye kuamua. Vidonge hivyo humezwa baada ya kula chakula cha kutosha. Mgonjwa asiyekula hapati dawa inavyotakiwa. Dawa za malale hutolewa bure kupitia shirika hilo, kwa hiyo anayekuuzia mtaani anakuuzia kitu kingine.

Ukifika mbele ya tabibu

Tabibu wa zahanati ana foleni ya watu arobaini na hajui ulilala wapi. Mwambie wewe kabla hajauliza. Andika kwenye daftari la kliniki au hata kwenye simu: homa ilianza tarehe gani, ikakatika lini, ikarudi lini, ulilala nyumba ya namna gani wiki mbili zilizopita, uliingia msitu upi na lini, dawa gani umekwisha meza. Mistari minne ya namna hiyo ina thamani kuliko kusema "naumwa kila mahali".

Kisha omba damu ipimwe kwa darubini. Kipimo hicho wa maabara wenyewe hukiita BS, na kile cha haraka cha malaria hukiita MRDT. Omba kwa adabu, lakini usiishie kuomba moyoni. Sema hivi: "Daktari, MRDT imekuwa hasi mara mbili na homa inarudi. Naomba BS, waangalie na papasi na malale." Mtaalamu aliyezoea kuhesabu vimelea vya malaria anaweza kupitisha jicho juu ya bakteria wa papasi, aliye mwembamba na aliyejikunjakunja kama uzi wa sweta iliyofumuliwa, kwa sababu tu hakuambiwa amtafute.

Muda wa kutoa damu una uzito wake. Bakteria wa papasi hujaa kwenye damu homa inapopanda, na ikishuka hupungua mpaka wasionekane. Watu wengi huenda kupimwa siku waliyopata nafuu, maana ndiyo siku wanayoweza kutembea, wakarudi na jibu tupu. Nenda na homa yako. Ikibidi ubebwe kwa bodaboda, ubebwe. Ikikosekana siku hiyo, rudi homa itakapopanda tena, usichukulie jibu moja kuwa la mwisho.

Zahanati isiyo na darubini ikupe rufaa ya kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Mjini Tabora ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake mjini humo ambacho malale ni katika kazi zake za miaka mingi. Igunga kuna hospitali ya misheni ya Nkinga. Ukiwa umesharudi Dar es Salaam, Mwanza au hata Muscat, mzigo wa kueleza ni mkubwa zaidi, kwa kuwa daktari wa huko huenda hajawahi kuona papasi maishani. Mtajie jina la bakteria kama nilivyoliandika hapo juu, na umwambie ulikotoka.

Ikithibitika ni malale, waliokuwa nawe kambini wote wapimwe, wenye homa na wasio nayo, na mhudumu wa afya wa kijiji apewe habari ili eneo hilo liwekwe mitego. Ikithibitika ni papasi, waliolala chumba hicho wafuatiliwe, mjamzito kwanza. Halafu mchukue simu mmpigie mgeni aliyelala humo wiki iliyopita na kuendelea na safari yake ya Kigoma. Mwambieni akipata homa asimalizie kwenye kipimo cha haraka.